BA au BSc ya saikolojia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa waliomaliza kidato cha sita au stashahada wakiwa Dar es Salaam na mikoa ya karibu, na kwa wazazi watakaolipa ada. BA hapa ni shahada ya kwanza ya sanaa, BSc ni shahada ya kwanza ya sayansi.

Tofauti yenyewe ni ipi hasa?

Kiini ni kilekile. Programu iliyopangwa vizuri, iwe BA au BSc, itakufundisha jinsi ubongo unavyofanya kazi, jinsi mtu anavyokumbuka na kufikiri, ukuaji wa mtoto hadi uzee, tabia za watu wakiwa katika kundi, tofauti za haiba na akili, mbinu za utafiti na takwimu. Kinachotofautiana ni masomo yanayokizunguka kiini hicho. BA inakuachia nafasi ya sosholojia, falsafa, lugha, siasa au historia. BSc nafasi hiyohiyo inaijaza biolojia, hisabati, programu za kompyuta na saa nyingi zaidi za maabara.

Chukua mada moja: usingizi na mitihani ya chuo. Mwanafunzi wa BA anaweza kuwahoji wanafunzi kumi na wawili wa hosteli, saa nzima kila mmoja, akanakili mazungumzo yote neno kwa neno, kisha akatafuta mambo yanayojirudia: kelele, mawazo ya ada, simu. Wa BSc atachukua wanafunzi themanini, atawapima kasi ya kuitikia ishara kwenye kompyuta kwa milisekunde, atawagawa kwa saa walizolala, halafu ataangalia kama tofauti ya makundi ni kubwa kuliko ile inayoweza kuletwa na bahati tu. Tafiti zote mbili ni saikolojia, na zote mbili zinaweza kufanywa vibaya.

Msemo kwamba BA ni ya kuongea na watu na BSc ni ya kupima ubongo ni nusu ya ukweli. Zipo BA zenye takwimu nzito kuliko BSc ya chuo kingine. Herufi kwenye cheti zinaonyesha mwelekeo tu. Uzito wa programu utauona kwenye orodha ya kozi.

Kwa nini basi somo moja lina majina mawili?

Kwa sababu kila chuo kiliiweka saikolojia penye nafasi. Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, alisomea udaktari lakini kiti chake chuoni kilikuwa cha falsafa. Tangu hapo somo hili limekuwa na miguu kwenye nyumba mbili. Oxford inafundisha saikolojia ya majaribio na kuitunuku BA. Cambridge inatoa BA hata kwa aliyesoma fizikia. McGill ya Kanada inatoa BA na BSc za saikolojia, zote mbili. Kwa hiyo anayekuambia BA ni ya waliofeli sayansi hajui jinsi vyuo vinavyotoa majina.

Mbona Mlimani naona saikolojia iko kwenye elimu?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeilea saikolojia ndani ya Shule Kuu ya Elimu, kwenye idara ya saikolojia ya elimu na mitaala. Ndiyo maana kwa mwanafunzi wa hapa swali mara nyingi lina njia ya tatu: shahada ya elimu yenye saikolojia. Hii huja na kozi za ualimu na mazoezi ya kufundisha, na inamfaa anayetaka kufanya kazi na shule, watoto wenye ugumu wa kujifunza, au ushauri nasaha wa wanafunzi.

Tatizo lake hujitokeza ukiomba shahada ya pili ya saikolojia nje ya nchi. Msomaji wa maombi atahesabu kozi za saikolojia kwenye transkripti (karatasi rasmi ya matokeo ya chuo), moja baada ya nyingine, na kozi za mitaala au usimamizi wa shule hatazihesabu. Ukichagua njia hii, elekeza kila kozi ya hiari kwenye saikolojia.

Nilisoma HGL. Mlango wa BSc umefungwa?

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa aliyemaliza kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, C na E zinatosha, lakini D na E ni 3 na hazitoshi. Watu hukosea kwa kujumlisha masomo matatu badala ya mawili, kwa kuhesabu S, ambayo ni ufaulu wa chini ya E, kama prinsipo, na kwa kuingiza General Studies. Mwenye stashahada anatakiwa kuwa na GPA (wastani wa alama zake za chuo) ya angalau 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne.

Hicho ni kizingiti cha nchi nzima. Juu yake kila programu hutaja masomo inayoyataka, na hapo tahasusi za sanaa kama HGL, HKL au HGK hukwama kwenye BSc nyingi kwa kukosa baiolojia au hisabati. Programu nyingine hukubali ufaulu wa hisabati ya kidato cha nne au BAM (hisabati ya ziada ya kidato cha sita) badala ya prinsipo. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka unaoomba, siyo cha mwaka jana alichokutumia rafiki kwa WhatsApp, na usome safu ya sifa za kujiunga neno kwa neno. Neno «au» na neno «na» kwenye safu hiyo yanaamua maisha yako.

Mimi ni PCB (fizikia, kemia, baiolojia). Nikichukua BA nitakuwa nimepoteza sayansi yangu?

Hapana. Utakuwa na faida kwenye kozi ya ubongo na neva, ambako wenzako wa HKL watakuwa wanakutana na nyuroni kwa mara ya kwanza. Ila jiulize kwanza unataka kuwa nani. Ukitaka kuwa daktari wa magonjwa ya akili, anayeandika dawa, njia yako si BA wala BSc ya saikolojia. Ni shahada ya udaktari ya miaka mitano, mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, halafu ubobezi. Kila mwaka wapo wanaogundua hili wakiwa mwaka wa pili wa saikolojia, na kurudi nyuma ni ghali.

Naogopa hesabu. Nikimbilie BA?

Takwimu utazikuta huko pia. Hakuna BA ya saikolojia inayoheshimika isiyo na takwimu, na kozi hiyo ndiyo inayowapeleka wengi kwenye sapu, mtihani wa marudio. Tueleze kidogo kilichomo.

Muhula wa kwanza wa takwimu huwa ni kueleza data: wastani, kati, mtawanyiko, chati. Unaofuata ni kukisia kutoka sampuli kwenda kwa watu wote: kipimo cha t kwa kulinganisha makundi mawili, anova kwa matatu na kuendelea, kai mraba kwa data ya kuhesabu vichwa, uhusiano wa vigeu viwili, na regresheni, yaani kukadiria kigeu kimoja kutokana na kingine. BSc kwa kawaida huendelea hadi regresheni ya vigeu vingi na huenda ikakufundisha R, lugha ya kompyuta ya takwimu. BA nyingi huishia SPSS, programu ya takwimu ya kubofya vitufe, na kuongeza uchambuzi wa mahojiano.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha nne: kujumlisha, kugawanya, kipeo cha pili, kipeuo. Kompyuta inafanya kazi hiyo. Wanafunzi hufeli kwa sababu nyingine. Ya kwanza ni kukariri vitufe vya SPSS kutoka kwenye desa bila kujua swali gani linahitaji kipimo gani, na mtihani hauna vitufe. Ya pili ni kutoelewa thamani ya p. Wengi huandika kwamba p ya 0.03 maana yake kuna asilimia 3 tu za uwezekano kwamba dhana yao ni ya uongo. Sivyo. Maana yake ni kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo makubwa kiasi hicho au zaidi yangetokea kwa bahati mara 3 katika 100. Ya tatu ni kusubiri wiki ya mwisho. Takwimu hupandana, na aliyekosa mhadhara wa mtawanyiko hataelewa kipimo cha t.

Kama una miezi kati ya matokeo ya kidato cha sita na kufungua chuo, pakua jamovi, programu ya takwimu ambayo ni ya bure na haihitaji kompyuta ya nguvu. Ingiza data ya namba thelathini za kubuni, tafuta wastani na mtawanyiko kwa mkono kwenye karatasi, kisha linganisha na jibu la programu. Rudia mpaka ujue kila namba imetoka wapi. Aliyefanya hivi hana sababu ya kuiogopa BSc.

Nataka kuwa mwanasaikolojia wa hospitali. Ipi inanifikisha?

Zote mbili zinaweza kukufikisha, na hakuna hata moja inayokufikisha peke yake. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mtaalamu wa tiba, hapa wala kwingine.

Hapa Dar es Salaam, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Upanga, ina shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Chukua sifa zao za kujiunga kabla hujachagua shahada ya kwanza, siyo baada ya kuhitimu. Vyuo vingi vya hapa hutaka GPA isiyopungua 2.7 kwa uzamili. Hili lina uzito kuliko herufi za cheti: mwenye BSc ya 2.6 amebaki nje ya mlango, mwenye BA ya 3.8 ameingia. Kama sayansi itakuvuta chini kiasi hicho, jina la BSc halitakuokoa.

Nje, kila nchi ina utaratibu wake. Uingereza, chama cha wanasaikolojia, BPS, hutambua programu za BA na za BSc bila ubaguzi. Kinachotazamwa ni kama programu imeidhinishwa, kama ulipata angalau daraja la pili la chini, na kama ulifaulu mradi wako wa utafiti. Baada ya hapo saikolojia tiba ni shahada ya uzamivu ya miaka mitatu, na jina la kazi linalindwa na sheria chini ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Afrika Kusini, BA, BSc na shahada ya sayansi ya jamii zote huelekea kwenye mwaka wa honazi (mwaka wa ziada baada ya shahada ya kwanza), kisha uzamili, mafunzo kazini, na usajili kwa HPCSA, baraza la wataalamu wa afya la huko. Marekani, chama cha wanasaikolojia, APA, hakiidhinishi shahada za kwanza kabisa. Kinaidhinisha za uzamivu, kwa hiyo huko utaulizwa kozi ulizosoma, utafiti ulioshiriki na barua za walimu. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, hivyo anayefikiria kufanya kazi Nairobi au Mombasa aanze na masharti ya usajili.

Ni wapi BSc ina faida ya kweli?

Kwenye uzamili wa sayansi ya neva, saikolojia ya majaribio na takwimu za afya, ambako utaulizwa baiolojia na hisabati za chuo. Na kwenye kazi za data. Mwenye BSc anayeandika R vizuri anaweza kuingia kwenye ufuatiliaji na tathmini ya miradi, utafiti wa masoko, au timu za kampuni za simu zinazochunguza jinsi wateja wanavyotumia huduma.

BA nayo inashinda penye maneno na watu: ustawi wa jamii, rasilimali watu, mawasiliano ya afya, sheria, kazi za mashirika yanayohudumia waathirika wa ukatili. Mtu anayeweza kufanya mahojiano kwa Kiswahili kizuri, kutunza siri, na kuandika ripoti inayosomeka hapatikani kirahisi hivyo.

Na ajira za serikali?

Soma tangazo la Sekretarieti ya Ajira kama mwanasheria. Litasema «shahada ya saikolojia, sosholojia, ustawi wa jamii au fani inayofanana». Mara nyingi hutajwa fani, hazitajwi herufi. Shida humpata mwenye shahada yenye jina la kipekee, mathalani sayansi ya tabia, kwa kuwa mfumo wa maombi haulitambui jina la shahada yake. Kabla ya kuchagua programu, tafuta matangazo matano ya kazi unayoitaka, andika majina ya shahada yaliyotajwa, kisha angalia kama jina la programu yako limo.

Mkopo je? BSc inapata bumu zaidi?

Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo kila mwaka, na vipaumbele vya fani hutajwa humo. Angalia programu yako imewekwa kundi gani, usibuni kwa kuona neno «sayansi». Hata hivyo wengi hukwama kwenye karatasi: cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, majina yanayotofautiana kati ya cheti hicho na cha kidato cha nne, fomu isiyo na saini ya serikali ya mtaa. Anza uhakiki mapema, kwa sababu dirisha likikaribia kufungwa mfumo huelemewa. Na ukipata mkopo, kumbuka mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Nitaijuaje programu iliyo imara?

Mwezi wa saba TCU huandaa maonesho ya elimu ya juu viwanja vya Mnazi Mmoja. Nenda asubuhi kabla ya foleni, pita kwenye mabanda, na usichukue vipeperushi tu. Omba orodha ya kozi za miaka yote mitatu pamoja na krediti zake. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na kusoma mwenyewe.

Sasa tafuta maeneo haya kwenye orodha: mbinu za utafiti na takwimu, saikolojia ya kibiolojia, utambuzi, ukuaji, jamii, tofauti za watu binafsi, na historia na nadharia za somo. Ndiyo maeneo ambayo BPS huyadai, na ni kipimo kizuri hata kama huna mpango wa kwenda Uingereza. Likikosekana moja, uliza. Yakikosekana matatu, mshukuru mwenye banda uondoke.

Kisha uliza maswali yasiyo kwenye kipeperushi. Takwimu zinafundishwa mihula mingapi, na kuna kompyuta ngapi kwa wanafunzi wangapi? Fildi inafanyika wapi na nani anamtafutia mwanafunzi nafasi? Kuna tasnifu ya mtu mmojammoja au ni kazi ya kikundi? Tasnifu ya kikundi hupunguza mzigo wa walimu, lakini ukiomba uzamili nje itakuwa vigumu kuonyesha kazi yako mwenyewe.

Tasnifu hukwama wapi?

Kwenye kibali. Ukitaka kukusanya data kwa shule au ofisi za umma, barua hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani au kwa mkurugenzi wa halmashauri, halafu ndipo mkuu wa shule akupokee. Wagonjwa wanahitaji kibali cha maadili juu ya hayo. Mwanafunzi anayechagua wagonjwa wa hospitali akiwa na wiki nane zilizobaki amejifunga kamba mwenyewe. Kwa shahada ya kwanza chukua watu unaoweza kuwafikia kihalali: wanafunzi wenzako, vijana wa mtaani waliofikisha miaka 18, wafanyabiashara waliokubali kwa maandishi.

Kosa jingine ni dodoso. Dodoso la Kiingereza lililotafsiriwa usiku mmoja halipimi kilekile. Tafuta toleo la Kiswahili lililokwisha kujaribiwa. PHQ-9 ya dalili za sonona, kwa mfano, ina maswali tisa na alama kutoka 0 hadi 27, na toleo la Kiswahili lipo. Swali lake la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru. Ukilitumia, lazima uwe na mpango ulioandikwa wa utakachofanya mtu akionyesha kuwa ana mawazo hayo, la sivyo kamati ya maadili itakurudisha, na itakuwa sahihi.

Nimechaguliwa vyuo viwili, BA huku na BSc kule. Nifanyeje?

Thibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa. Usipothibitisha unaweza kupoteza vyote. Kuamua, weka orodha mbili za kozi mezani na ufute zinazofanana. Zilizobaki ndizo unazochagua kati yake. Mara nyingi hubaki kozi sita au nane, na mjadala wa wiki mbili nyumbani huisha kwa dakika ishirini.

Mwanangu anataka BA. Nimlazimishe BSc ili apate kazi?

Mzazi, muulize kwanza maswali mawili: anataka kufanya nini baada ya shahada, na ameangalia sifa za hatua hiyo? Akijibu kwa karatasi mkononi, mwache. Akijibu «sayansi ni ngumu», tatizo ni woga wa takwimu, nao utamfuata hukohuko BA. Kumlazimisha BSc mtoto asiyeitaka huishia kwenye GPA ya kuvukia, na tumeshaona GPA hiyo inavyofunga milango.

Nikisoma India au kwingineko, shahada itatambulika nyumbani?

Kabla ya kulipa ada, omba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, peleka vyeti TCU vitambuliwe. Programu za mtandaoni za vyuo visivyojulikana ndizo zinazoleta vilio. Hakikisha chuo chenyewe kimeidhinishwa nchini kwake, na kwamba transkripti itaonyesha saa au krediti za kila kozi.

Nipo mwaka wa pili BA, na sasa nataka sayansi ya ubongo. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila kuhama programu sasa karibu haiwezekani. Uhamisho huruhusiwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, na kwa mwenye sifa za programu anayohamia. Baki, na utumie nafasi zilizosalia. Chukua kila kozi ya hiari ya saikolojia ya kibiolojia. Omba idhini ya kusoma kozi ya baiolojia au takwimu kitivo kingine, hata kama haitaingia kwenye GPA, mradi ionekane kwenye transkripti. Fanya tasnifu yenye vipimo: kumbukumbu, kasi ya kuitikia, usingizi. Jifunze R likizo. Halafu andika barua pepe kwa waratibu wa programu tatu za uzamili unazozitaka, uambatanishe matokeo yako, na uulize swali moja tu: ni kozi ipi inayokosekana? Andika mwaka wa pili, ili jibu likute bado una mihula ya kuisoma.